Usiku wa Jumanne ni upi? Saa, masaa na tiketi ya ndege

Majuzi jirani yangu hapa Kaptembwo, Nakuru, alinibishia hodi. Bintiye alikuwa anaenda kusoma New York. "Mwalimu, hebu tusomee hii tiketi. Sisi tunamsindikiza Jumanne jioni." Nikaisoma: Jumanne, 00:40. "Mzee," nikamwambia, "Jumanne jioni mtakuta ndege iliondoka zamani. Tokeni hapa Jumatatu mchana!"

Kosa si lake peke yake. Katika hesabu ya jadi ya Waswahili, siku huanza jua linapotua. Kwa hiyo wazee wa pwani wakitaja usiku wa Jumanne, humaanisha usiku unaotangulia mchana wa Jumanne. Wengi wetu huku bara tumezoea usiku unaoufuata mchana huo. Tiketi nayo hubadilisha siku saa sita usiku. Ili kuondoa utata, sema au andika "usiku wa kuamkia Jumanne". 00:40 basi ni saa sita na dakika arobaini, usiku wa kuamkia Jumanne.

Binti naye akauliza: "Na safari ni masaa mangapi?" Mtahini angeikata "masaa" kwa kalamu nyekundu, kwa kuwa nomino "saa" imo katika ngeli ya I-ZI: saa moja, saa nyingi. Lakini hebu tuseme, "Safari ni saa ngapi?" Msikilizaji atadhani unauliza wakati wa kuondoka. Naamini wazungumzaji hushika "masaa" ili kutenganisha muda na wakati. Hitaji lao ni la kweli, ila Kiswahili sanifu kina dawa yake: "Safari itachukua muda wa saa ngapi?"

Kisha kuna umbali. Ukimuuliza makanga hapa Nakuru Nairobi ni mbali kiasi gani, atakujibu, "Masaa matatu tu." Umbali ni kilomita zipatazo 160, saa tatu ni muda. Hajakosea sana, maana tangu zamani tumepima safari kwa "mwendo wa siku mbili". Lakini kwenye ndege vipimo hivi havibadilishani. Kutoka Nairobi hadi New York ni takriban kilomita 11,800. Kenya Airways ilipoanzisha safari ya moja kwa moja Oktoba 28, 2018, muda wa kwenda ulikadiriwa kuwa saa 15. Tuseme ndege imepaa saa tano na nusu usiku. Inatua saa nane na nusu mchana kwa saa za Nairobi. Kule New York, wakati wa baridi, wako nyuma yetu kwa saa nane: ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi! Anayetazama saa za ukutani pekee atadhani safari ilikuwa ya saa saba.

Umbali, muda, wakati: maneno matatu, mambo matatu. Jirani yangu aliondoka na familia yake Jumatatu mchana. Binti alifika salama.