Kumbukumbu ya Kompyuta: Pima Kabla ya Kununua

Mwalimu mwanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, kilichoanzishwa Chang'ombe mwaka 2005, aweza kudhani kwamba kompyuta mpakato yake imezeeka kwa kuwa inajikokota. Huenda haikuzeeka, bali imekosa nafasi. Kumbukumbu ni mfano wa meza. Diski ni kabati. Meza ijaapo, kompyuta hurudi kabatini kila mara, na katika diski ya kuzunguka, kutafuta kitu huchukua muda maelfu ya mara zaidi.

Basi fungua kazi zako zote za kawaida, utazame kiasi cha kumbukumbu kilichotumika. Kama hakijajaa, kibao kipya hakitakufaa.

Kama kimejaa, chunguza mambo matatu. Kwanza, je, kibao huchomoleka? Katika kompyuta nyingine kimelehemewa. Pili, aina yake: kibao cha DDR3 cha mpakato kina pini 204, cha DDR4 kina 260, kimoja hakiingii mahali pa kingine. Tatu, mfumo endeshi wa biti 32 kwa kawaida huhesabu anwani 2³² tu, yaani baiti 4,294,967,296, au gigabaiti 4. Ukizidisha hapo, umepoteza fedha bure.