Matango ya Siki: Kachumbari ya Nusu Saa na Hesabu ya Chumvi Mezani

Agizo la "punguza chumvi" ni miongoni mwa maagizo yanayotolewa kwa wingi katika kliniki za shinikizo la juu la damu, na pia ni miongoni mwa yale yanayotekelezwa kwa shida. Mgonjwa hurejea nyumbani akiwa na vidonge mkononi na agizo hilo kichwani, kisha hukuta chungu kimoja kinachopikiwa watu wote. Akipikiwa peke yake, chakula chake huonekana kama adhabu. Akila pamoja na wenzake, chumvi hubaki ile ile. Chakula kisicho na ladha hakivumiliki kwa miaka, ilhali shinikizo la damu ni ugonjwa wa miaka.

Kwa sababu hiyo, ushauri wa lishe hauna budi kueleza pia kitakachoshika nafasi ya chumvi. Mojawapo ya majibu yaliyo karibu, yasiyo na gharama kubwa na yasiyo mageni kwa walaji wa Afrika Mashariki ni matango ya siki: matango mabichi yaliyokatwa vipande vyembamba, yakalainishwa kwa chumvi kidogo, kisha yakatiwa siki na viungo na kuliwa siku hiyo hiyo kando ya wali, pilau, ugali au samaki.

Kati ya kachumbari na achari

Maneno kachumbari na achari yote mawili yaliingia katika Kiswahili kwa njia ya mawasiliano ya kale baina ya pwani na Bara Hindi, na vyakula vyenyewe vikapata makao. Katika nyumba nyingi za pwani, pilau isiyo na kachumbari huhesabiwa kuwa pungufu. Vyakula hivi viwili, hata hivyo, hutofautiana katika jambo la msingi. Achari ya maembe au ndimu hutengenezwa ili ikae kwa muda mrefu. Chumvi yake huwa nyingi kwa makusudi, kwa kuwa chumvi hiyo, pamoja na asidi na jua, ndiyo inayozuia vijidudu kuiharibu. Kachumbari, kwa upande wake, hutengenezwa ili iliwe mara moja.

Matango ya siki yamesimama katikati. Yana ukali wa achari, lakini yana ubichi na muda mfupi wa kachumbari. Kwa kuwa hayakusudiwi kuhifadhiwa kwa miezi, hayahitaji chumvi ya kuhifadhia. Chumvi inayobaki ni ile ya ladha na ya kulainisha tu, na kiasi chake kinaweza kupimwa kwa kijiko. Humo ndimo ilimo faida yake kwa mgonjwa.

Kinachotokea ndani ya bakuli

Tango ni maji kwa takriban asilimia 95. Chumvi inaponyunyizwa juu ya vipande vyake, maji hutoka ndani ya chembe hai za tango na kuelekea nje, kwenye chumvi nyingi zaidi. Mwendo huo huitwa osmosisi. Baada ya dakika 10 hadi 15, kimiminika hukusanyika chini ya bakuli na vipande huwa laini, vyenye kupindika bila kuvunjika. Maji hayo yakimwagwa, siki haichujuki, na ladha yake hushika vizuri.

Siki ya mezani kwa kawaida huwa na asidi ya asetiki kwa asilimia 4 hadi 5 hivi. Ukali huo huamsha ulimi na kuufanya uone ladha ya chumvi hata pale ilipo kidogo. Maji ya ndimu au limau hufanya kazi hiyo hiyo. Ndiyo maana mlo wenye kitu kichachu pembeni huvumilia kupunguziwa chumvi kuliko mlo usio nacho.

Hesabu ya chumvi

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi kisichozidi kijiko kimoja cha chai. Kiasi hicho hujumuisha chumvi ya vyakula vyote: ya mchuzi, ya mkate, ya vitafunwa vya dukani na ya vile vidonge vya kuongezea ladha ya supu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha chumvi hujaa upesi.

Robo kijiko cha chai cha chumvi ni takriban gramu 1.5. Ikitumika katika bakuli la watu wanne, kila mmoja hupata chini ya gramu 0.4, na kiasi hicho hupungua zaidi maji ya tango yanapomwagwa. Mpishi anayekisia kwa kiganja anaweza kwa urahisi kutia vijiko viwili, yaani gramu 10 au zaidi. Chumvi hiyo isiposuuzwa, kila mlaji hupata nusu ya kiwango cha siku nzima kabla hajaugusa wali. Bakuli zote mbili hufanana machoni. Tofauti yake ni kijiko.

Faida ya kupunguza chumvi haimhusu mgonjwa peke yake. Utafiti wa DASH-Sodium, uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2001, ulionesha kuwa shinikizo la damu lilishuka kadiri chumvi ya mlo ilivyopunguzwa, kwa watu wenye shinikizo la juu na hata kwa wasio nalo. Hivyo, bakuli moja linaweza kuwafaa wote walioketi mezani, na mgonjwa hana haja ya kutengewa sahani yake. Chumvi hiyo kidogo na iwe ile yenye madini joto, kwa kuwa mahitaji ya mwili ya madini hayo hubaki pale pale.

Namna ya kutengeneza

Kwa watu wanne yanahitajika matango mawili ya wastani (takriban gramu 500), kitunguu maji kimoja kidogo, robo kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vitatu vya chakula vya siki au maji ya ndimu, vijiko viwili vya maji safi na salama, pilipili manga kidogo na kotimiri iliyokatwakatwa. Apendaye anaweza kuongeza tangawizi iliyokwaruzwa au pilipili mbichi. Sukari si lazima.

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha matango kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kuyamenya, maana kisu hubeba uchafu wa ganda hadi ndani. Osha kotimiri jani kwa jani.

2. Onja kipande cha ncha ya kila tango. Tango lenye uchungu mkali litupwe. Uchungu huo hutokana na kemikali ziitwazo kukabitasini, ambazo zikiwa nyingi huweza kusababisha maumivu ya tumbo, kutapika na kuhara, na siki haiziondoi.

3. Kata matango na kitunguu vipande vyembamba. Tango lililopea, lenye mbegu ngumu, lipasuliwe katikati na mbegu zikwanguliwe kwa kijiko.

4. Nyunyiza chumvi iliyopimwa, changanya, acha kwa dakika 15, kisha kamua taratibu na kumwaga maji.

5. Changanya siki, maji, pilipili manga na kotimiri, mimina juu ya matango, funika na weka katika jokofu kwa dakika 15 hadi 30. Pasipo jokofu, andaa karibu na wakati wa kula na mle yote.

Bakuli liwe la kioo, la udongo uliong'arishwa, la enameli isiyobanduka au la chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya aluminiamu haifai, kwa kuwa asidi huila na kubadilisha ladha ya chakula. Siki nayo iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Asidi ya asetiki kali, isiyozimuliwa, huunguza kinywa na koo na haipaswi kuwekwa jikoni kamwe.

Siki si dawa ya uchafu

Imani kwamba siki au ndimu "huua wadudu wote" imeenea, na ni ya hatari. Asidi hudhoofisha baadhi ya bakteria, lakini muda wa nusu saa na siki iliyochanganywa na maji ya tango havitoshi kutegemewa dhidi ya vijidudu vya homa ya matumbo au kuhara. Mayai ya minyoo ya askari yana ganda gumu linaloyawezesha kupita hata katika asidi ya tumbo la binadamu. Usalama wa chakula hiki hutoka katika maji safi, mikono safi, na kisu na ubao ambavyo havikutumika kwa nyama mbichi.

Palipo na mlipuko wa kipindupindu, mboga mbichi zilizoandaliwa nje ya nyumba ziepukwe. Nyumbani, matango yaoshwe kwa maji yaliyochemshwa au kutibiwa kwa klorini, yamenywe, na yaliwe papo hapo. Wakati wowote, bakuli lisikae nje ya jokofu kwa zaidi ya saa mbili. Katika jokofu, ni vema lililobaki liliwe siku ya pili na lisivuke hapo. Kitu kichachu hakijawa achari kwa sababu tu kina siki.

Wenye mahitaji maalumu

Mgonjwa wa kisukari anaweza kula matango haya kwa utulivu, kwa kuwa gramu 100 za tango hutoa takriban kilokalori 15 tu, mradi sukari isitiwe. Tafiti ndogo kadhaa zimeonesha kuwa siki ikiliwa pamoja na chakula cha wanga hupunguza kiasi fulani kupanda kwa sukari baada ya mlo. Hata hivyo, matokeo hayo hayatoshi kumfanya mtu apunguze dawa au insulini.

Mgonjwa wa figo aliyeshauriwa kupunguza potasiamu atakuta tango ni jepesi kuliko nyanya au parachichi, ambavyo huwamo katika kachumbari nyingi. Gramu 100 za tango zina takriban miligramu 150 za potasiamu, za nyanya takriban 240, na za parachichi takriban 480. Aliyewekewa kikomo cha vinywaji akumbuke kwamba maji ya tango nayo huhesabiwa. Asitumie chumvi mbadala zenye potasiamu bila ushauri wa daktari, kwani potasiamu ikizidi katika damu huweza kusimamisha moyo. Tahadhari hiyo inawahusu pia baadhi ya watumiaji wa dawa za shinikizo la damu na za moyo zinazopandisha potasiamu.

Vidonda vya tumbo kwa sehemu kubwa husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori na dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki. Siki siyo chanzo chake. Hata hivyo, mwenye kidonda kibichi au kiungulia anaweza kuumizwa na uchachu, na ni haki yake kuuacha. Wajawazito na watu wenye kinga dhaifu wazingatie usafi kwa ukali zaidi na waache mabaki ya jana. Baada ya kula kitu kichachu, ni vema kusukutua kwa maji na kusubiri takriban nusu saa kabla ya kupiga mswaki, ili meno yasikwanguliwe yakiwa yamelainishwa na asidi.

Neno kwa mhudumu wa afya

Kabla ya kumwambia mgonjwa apunguze chumvi, ni vema kumuuliza nani anapika nyumbani, chumvi hutiwa kwa kijiko au kwa kiganja, na chungu hicho hulisha watu wangapi. Majibu ya maswali hayo matatu huonesha pa kuanzia. Mara nyingi anayehitaji ushauri ni mke, mama, binti au msaidizi wa kazi, ambaye hajawahi kualikwa kliniki.

Kijiko cha chai na pakiti ya chumvi juu ya meza ya ushauri hufundisha zaidi ya maneno mengi. Mgonjwa akioneshwa kwa macho kiwango chake cha siku nzima, kisha robo yake inayotosha bakuli la watu wanne, hupata kipimo anachoweza kwenda nacho nyumbani. Katika ziara inayofuata, swali "umepunguza chumvi?" hujibiwa kwa "ndiyo" ya adabu, swali "wiki hii kachumbari mliitia vijiko vingapi?" hujibiwa kwa hesabu.