Swichi iko Kigoma, wewe uko Dar

Katika orodha ya mada za mtihani wa cheti cha ufundi mitandao cha CCNA, ambayo kampuni ya Cisco huiweka wazi kwa kila anayeitaka, kuna mstari mfupi wenye namba 4.8. Unamtaka mtahiniwa ajue kuandaa ruta na swichi ili zifikiwe kutoka mbali kwa njia ya SSH. Ni mstari mmoja tu, tena umo katika sehemu yenye uzito wa asilimia 10 ya mtihani mzima. Vijana wengi wanaojisomea huupitia jioni moja, wakakariri amri sita saba, wakafunua ukurasa unaofuata. Naamini hapo ndipo wanapoiruka kazi yenyewe.

Kwa fundi mitandao wa Tanzania, sehemu kubwa ya kazi ni kuhudumia vifaa ambavyo hajawahi kuvigusa kwa mkono. Benki, kampuni ya bima au kampuni ya mabasi ina makao makuu Posta au Mikocheni, na matawi Kasulu, Tunduru na Namanyere. Matawi hayo hayana fundi. Yana mhasibu, dada wa kaunta, mlinzi, na kabati dogo lenye ruta moja na swichi moja. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ya kati ni zaidi ya kilomita 1,200. Mtandao wa tawi ukigoma saa tatu asubuhi, wateja wakiwa kwenye foleni, hakuna meneja atakayesubiri fundi akate tiketi. Fundi anatakiwa awe ameshaingia kwenye kifaa kile hapo hapo, akiwa amekaa mezani kwake.

Njia ya zamani ya kuingia ni Telnet, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1969, siku za mwanzo kabisa za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Vitabu vyote husema si salama, na wanafunzi hulikariri hilo kama lilivyo. Ningependa wakalione kwa macho. Fungua Wireshark, programu ya bure ya kunasa mawasiliano yanayopita kwenye mtandao, ingia kwa Telnet kwenye ruta ya mazoezi, iwe halisi au ya kuigizwa kwenye programu ya GNS3, kisha usome kilichonaswa. Jina la mtumiaji utalikuta kila herufi imeandikwa mara mbili, kwa sababu ruta hukurudishia kila unachobonyeza ili ukione kwenye skrini. Nywila nayo ipo, kila herufi mara moja, kwa kuwa hiyo ruta hairudishi. Lakini ipo yote, inasomeka, na yeyote aliyekaa katikati ya njia angeisoma vilevile. Aliyewahi kuiona nywila yake mwenyewe imelala pale hahitaji tena mwalimu wa kumwambia aache Telnet.

Shambulio la namna hiyo ndilo lililozaa SSH. Mwaka 1995 mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, nchini Finland, ulikumbwa na watu walionasa nywila, na Tatu Ylönen, aliyekuwa chuoni hapo, akaandika programu ya kuyasimba mazungumzo yote ili mnasaji asiambulie kitu. Telnet ilikuwa inatumia poti 23, na FTP poti 21. Ylönen akaiomba 22, iliyokuwa wazi katikati yake, akapewa. Namba hiyo utaulizwa.

Sasa tuje kwenye zile amri sita saba. Ukiziandika kwa kukariri zitakubali, na utadhani umeelewa. Jaribu kuzivuruga. Anza kutengeneza ufunguo wa RSA kabla hujakipa kifaa jina: ruta itakataa na kukutaka ukipe jina lingine tofauti na lile kilichotoka nalo kiwandani. Kipe jina, rudia: itakataa tena, sasa ikidai jina la kikoa. Kumbe ufunguo hubeba jina, na jina hilo huundwa kwa hayo mawili. Endelea. Kwenye vifaa vingi vya zamani, ikikuuliza ukubwa wa ufunguo, ukibonyeza Enter bila kusoma unapewa biti 512, halafu ukiitaka SSH toleo la 2 unaambiwa ufunguo usipungue biti 768. Siku hizi weka 2048 na uendelee na kazi. Kosa jingine ni la mistari ya vty, yaani nafasi za watu kuingia kutoka mbali. Swichi ina nafasi 16, kuanzia 0 hadi 15, lakini mwanafunzi aliyezoea kitabu huandaa 0 hadi 4 tu na kuziacha nyingine kumi na moja na mpangilio zilizokuwa nao. Fundi aliyemtangulia kama aliziacha na Telnet, Telnet bado ipo.

Kuna kosa moja ambalo ningemfanyisha kila mwanafunzi kwa makusudi. Iandae swichi vizuri, ipe anwani ya IP, washa SSH, kisha ingia ukiwa kwenye kompyuta iliyo mtandao mmoja nayo. Unaingia bila shida. Hamia kompyuta iliyo mtandao mwingine, upande wa pili wa ruta, ujaribu tena. Kimya. Hakuna ujumbe wa kosa wala nywila kukataliwa, muda unapita tu. Unakagua ufunguo, unakagua jina la mtumiaji, unakagua vty, vyote viko sawa. Tatizo ni kwamba swichi haijaambiwa lango lake la kutokea. Ombi lako limefika, swichi imelipokea, imetaka kujibu, haijui jibu ilipitishe wapi. Kwenye maabara ya mezani kosa hili linaweza kukaa mwaka mzima bila kuonekana, kwa sababu kila kitu kiko mtandao mmoja. Litaonekana siku swichi ikishafungwa kabatini Kasulu na wewe umesharudi Dar.

Kosa baya kuliko hilo ni kujifungia nje mwenyewe. Chukua amri ya kuongeza VLAN, yaani mtandao mdogo uliotengwa ndani ya swichi, kwenye trunki, kiungo kinachobeba VLAN nyingi kwa pamoja. Unataka kuongeza VLAN 20 kwa ajili ya kamera mpya za tawi. Unaandika kwamba trunki iruhusu VLAN 20, unasahau neno dogo la "add", unabonyeza Enter. Swichi imekuelewa kuwa unataka VLAN 20 peke yake. Nyingine zote zimefutwa kwenye trunki, pamoja na ile uliyoingilia. Umekata tawi ulilolikalia. Skrini imeganda, na tawi zima liko gizani.

Kinachofuata mafundi wanakijua. Simu inapigwa Kasulu.

"Dada, shikamoo. Samahani nakusumbua. Unakiona hicho kiboksi cha chini hapo kabatini, chenye taa za kijani?"

"Marahaba. Hiki kinachowakawaka?"

"Hicho hicho. Naomba uchomoe waya wake wa umeme, hesabu mpaka kumi, urudishe."

Dua ya fundi wakati huo ni kwamba hakuwa amehifadhi mpangilio, maana swichi ikiwaka upya husoma ule uliohifadhiwa mara ya mwisho. Lakini ipo njia ya heshima zaidi kuliko kumtegemea dada wa kaunta. Kabla ya kugusa chochote cha hatari, hakikisha mpangilio uliopo ni mzima na umehifadhiwa, kisha andika amri ya "reload in 10". Umekiambia kifaa kijizime na kuwaka upya baada ya dakika kumi. Fanya badiliko lako. Ukijifungia nje, subiri: dakika zitaisha, kifaa kitarudi kwenye mpangilio wa zamani, na wewe utaingia tena. Badiliko likikubali, fungua dirisha la pili, jaribu kuingia upya kutoka mwanzo, na ukiingia ndipo uandike "reload cancel" na kuhifadhi. Mstari wa 4.8 hauitaji amri hii. Mimi naihesabu kuwa sehemu ya somo, kwa sababu anayejua kuingia kutoka mbali bila kujua kujilinda asifungiwe nje hajafikia kukabidhiwa tawi la mtu.

Matawi yanayotumia setilaiti yana mtihani wao. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na Mkongo wa Taifa umefika mikoa mingi tangu hapo, lakini wapo wanaofanya kazi kwa setilaiti ile ya juu kabisa, umbali wa karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Ukiingia kwa SSH kupitia huko, kila herufi hupanda, hushuka, na jibu lake hupanda na kushuka tena. Inachukua zaidi ya nusu sekunde kuiona. Asiye na subira hubonyeza Enter mara mbili, na kwenye ruta hilo ni jambo la hatari.

Mtihani wa CCNA una mstari mwingine wa karibu na ule wa 4.8, nao ni 5.5, unaokutaka ueleze VPN za IPsec za aina mbili: ile ya mtu mmoja mwenye laptopu anayeingia ofisini akiwa nyumbani au hotelini, na ile inayounganisha ofisi na ofisi, ruta kwa ruta, bila wafanyakazi kujua kuwa ipo. Unaeleza tu, huandiki amri. Hapa shida ya wanafunzi wetu ni kwamba VPN waliifahamu kwanza kama programu ya simu ya kufungulia kilichofungwa. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizitaka kampuni na watu wanaotumia VPN kwa shughuli zao wajisajili ifikapo tarehe 30 mwezi huo, na kwa wengi hayo ndiyo yote wanayoyajua kuihusu. Mhasibu anayefunga hesabu za mwezi akiwa kwao Moshi, akiwa ndani ya mtandao wa ofisi kana kwamba yuko ghorofani Posta, ndiye mfano ambao mwalimu angeanza nao.

Waliosoma mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanaikumbuka BCRAN, mmoja wa mitihani minne ya CCNP, cheti cha juu ya CCNA, iliyohusu kuingia kutoka mbali peke yake: modemu za simu, ISDN yenye chaneli za kilobiti 64, PPP, CHAP. Karibu vifaa vyote hivyo vimeondoka. CHAP bado naipenda kuifundisha, kwa sababu inaonyesha jinsi ya kuthibitisha kuwa unaijua nywila bila kuituma. Anayeielewa hiyo hapati tabu na yanayokuja baadaye.

Nimefika kwenye madesa. Kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram yanauzwa au kugawiwa bure, maswali na majibu, na kijana anayakariri wiki tatu kisha anaingia chumba cha mtihani. Namwelewa. Mtihani ni dola 300, zaidi ya laki saba za Kitanzania, na kwa asiye na ajira hizo ni fedha za kuchangiwa na ndugu. Una dakika 120, ukishalijibu swali na kusonga mbele hulirudii, na alama ya kufaulu haitangazwi. Ukifeli unasubiri siku tano na kulipa upya. Hofu yake ni ya haki. Lakini yapo maswali yanayokuweka mbele ya kifaa uandike amri mwenyewe, na Cisco ikigundua udanganyifu inaweza kukufutia cheti. Hata ukipita, cheti hudumu miaka mitatu, na swichi ya Kasulu haitasubiri hata mwezi kabla ya kukuuliza ulichojifunza.

Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao, ni ya bure, na inatosha kwa sehemu kubwa ya mstari wa 4.8, pamoja na lile kosa la lango. Kwa mazoezi ya kujifungia nje, tafuteni watu wanne mchange mnunue swichi moja iliyotumika. Na ninyi mnaoajiri, usaili usiishie kukagua cheti. Mwekeeni kijana swichi chumba cha pili, mtandao tofauti na wa laptopu yake, bila lango, bila ufunguo. Mpeni waya wa konsoli dakika kumi, mnyang'anyeni, kisha mwambieni aingie akiwa kwenye kiti chake na aongeze VLAN 20 kwenye trunki. Mtazameni anaanza na amri gani.