Betri za akiba: Ya bei ndogo yaweza kumtosha mwenye duka Bariadi

Mfanyabiashara wa Bariadi anayetaka kujitengenezea akiba ya umeme nyumbani ana maswali mawili ya kujibu kabla ya kutoa fedha: umeme hukatika mara ngapi kwa mwezi, na ni vifaa gani hasa visivyoweza kusubiri urudi. Wengi hurukia la tatu, betri ipi ni kubwa, na hapo mtaji huanza kupotea.

Haja yenyewe ipo. Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, umetegemea kwa miaka mingi umeme unaosafiri zaidi ya kilomita mia moja kutoka Shinyanga. Njia ndefu namna hiyo hupunguza nguvu ya umeme, na nguzo moja ikianguka kwa upepo, kaya nyingi hukaa gizani. Hilo si mgawo. Mgawo wa 1994, 2006, 2011 na ule wa mwishoni mwa 2023 ulitokana na uhaba wa umeme wenyewe, na uhaba huo ulipungua mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ilipoanza kuwashwa mwaka 2024. Lakini bwawa la Rufiji halisimamishi nguzo iliyolala njiani Maswa.

Kwa mnunuzi wa betri tofauti hiyo ni ya fedha. Mgawo huichosha betri kila siku. Nguzo iliyoanguka huichosha mara chache kwa mwezi.

Chukua nyumba yenye fremu ya kinyozi mbele, mpangilio wa kawaida katika miji yetu. Mashine mbili za kunyolea hula wati 30, taa tatu wati 27, feni wati 50 na televisheni ndogo wati 40. Jumla ni wati 147, na kwa kuwa inveta nayo hula chake, betri itatoa kama wati 173. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, ila haifai kutumiwa zaidi ya nusu. Wati-saa 600 zitaendesha shughuli kwa saa tatu na nusu hivi. Umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni, kinyozi atafunga kwa wakati wake wa kawaida.

Umeme huo ni sehemu ya uniti moja tu. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti iliyopangwa na Ewura mwaka 2016, kabla ya kodi, thamani yake haifiki shilingi 200. Kwa hiyo anayetarajia betri impunguzie gharama za Luku amekosea hesabu. Anachonunua ni saa za jioni, wakati wateja wametoka kazini, na bei halali ya betri hupimwa kwa mauzo ya saa hizo.

Friza ni habari nyingine. Wauza samaki wa kutoka Busega na wenye vinywaji baridi huitaja kwanza, wakati ndicho kifaa chenye subira kuliko vyote. Friza iliyojaa barafu, isipofunguliwa ovyo, hutunza baridi kwa siku nzima. Aidha, kompresa inapowaka huvuta nguvu mara kadhaa ya ile iliyoandikwa ubavuni, hivyo friza ya wati 150 huweza kulazimisha inveta ya wati 1,000. Ni ghali kuilinda friza kwa saa mbili ambazo ingejilinda yenyewe. Mashine ya fotokopi nayo hula umeme mwingi kupasha karatasi moto. Mwenye stesheneri afadhali apokee kazi na kuzichapa umeme ukirudi.

Sasa aina ya betri. Ya lithiamu yenye chuma na fosfeti, ya ampea-saa 100, hutoa wati-saa zaidi ya 1,000 bila kuumia, na huvumilia mizunguko elfu tatu na zaidi. Ya risasi ikitumiwa nusu kila mara huchoka baada ya mizunguko mia tano hivi. Kwa anayekatiwa kila siku, lithiamu ni nafuu hata ikiuzwa mara tatu ya risasi. Kwa anayekatiwa mara tatu kwa mwezi, betri ya risasi itazeeka kwa umri kabla ya kufika mizunguko mia mbili, na lithiamu itakuwa mtaji uliolala.

Wanaounganisha wenyewe seli za lithiamu huhitaji nne za volti 3.2 kwa mfululizo, na bodi ya ulinzi inayokata chaji seli yoyote ikifika volti 3.65. Bila bodi hiyo mradi usianze. Seli zilizofumuliwa kutoka kompyuta chakavu ni za aina nyingine, inayoshika moto kwa urahisi zaidi, na hazina nafasi ndani ya nyumba ya kulala. Wanaozisikia habari za nikeli ya Dutwa, iliyotafitiwa na African Eagle ya London hapa hapa Bariadi, wajue kwamba betri hii ya nyumbani haitumii nikeli hata chembe.

Kwenye waya ndiko watu hubania fedha. Inveta ya wati 1,000 huvuta zaidi ya ampea 80 kwenye betri ya volti 12, na waya mwembamba utayeyuka. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Inveta isichomekwe kamwe kwenye soketi ya ukutani ili kuwasha nyumba nzima, kwa maana umeme utatoka hadi mtaani na kumuua fundi wa Tanesco aliye juu ya nguzo. Swichi ya kubadilishia ifungwe na fundi mwenye leseni ya Ewura.

Betri ya maji ikae penye hewa, mbali na jiko, kwani inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Ikifa, isimwagwe tindikali uani: wanunuzi wa vyuma chakavu huichukua kwa kilo kwa ajili ya risasi yake. Lithiamu iliyokufa bado ni shida kuipatia mnunuzi.