Delta Force: Black Hawk Down

Delta Force: Black Hawk Down ni mchezo wa kompyuta wa kupiga risasi kwa mbinu za kijeshi, uliotengenezwa na kampuni ya NovaLogic ya Marekani. Ulitolewa mwezi Machi 2003 kwa ajili ya Windows. Ni mwendelezo wa mfululizo wa Delta Force ulioanza mwaka 1998, na habari yake inatokea nchini Somalia mwaka 1993.

Mchezo huu bado unachezwa, lakini uliandikwa kwa ajili ya kompyuta za wakati wa Windows 98 na Windows XP. Kwa hiyo mtu anayeuweka kwenye kompyuta ya kisasa hukutana na matatizo kadhaa. Mengi kati ya hayo yana sababu zinazoeleweka na yanaweza kutatuliwa.

Historia ya mchezo

Michezo miwili ya kwanza, Delta Force (1998) na Delta Force 2 (1999), ilichora ardhi kwa teknolojia iliyoitwa Voxel Space, ambayo kazi yake ilifanywa na prosesa. Black Hawk Down uliachana na njia hiyo ukatumia injini ya Comanche 4, mchezo wa helikopta wa kampuni hiyohiyo, ambayo inategemea kadi ya michoro. Nyongeza yake, Team Sabre, ilitoka mwaka 2004, na matoleo ya PlayStation 2 na Xbox yakafuata mwaka 2005. NovaLogic ilifikia mwisho wake mwaka 2016, na haki za michezo yake zikanunuliwa na THQ Nordic.

Mwaka 2025 studio ya Team Jade, iliyo chini ya kampuni ya Tencent ya China, ilitoa masimulizi mapya yenye jina la Black Hawk Down ndani ya mchezo mpya wa Delta Force. Hiyo ni programu tofauti kabisa, nayo inahitaji kompyuta yenye nguvu zaidi.

Kwa nini unasumbua kwenye kompyuta mpya

Sababu kuu ni hizi:

Diski. Kompyuta nyingi za mkononi za siku hizi hazina sehemu ya kuingizia CD. Aidha, diski nyingi za michezo za miaka ile zilikuwa na kinga dhidi ya kunakiliwa, mojawapo ikiitwa SafeDisc. Windows 10 na Windows 11 haziruhusu kinga hiyo kufanya kazi, hivyo mchezo wenye kinga ya namna hiyo hukataa kufunguka hata kama diski ni halali.

Folda ya programu. Michezo ya zamani iliandika kumbukumbu za mchezaji ndani ya folda yake yenyewe. Tangu Windows Vista (2007), folda ya Program Files inalindwa, na programu ya kawaida haiwezi kuandika humo ipendavyo. Matokeo yake ni mipangilio isiyohifadhiwa, au mchezo kusahau mchezaji alipofikia.

Michoro. Mchezo unatumia DirectX ya zamani. Kadi za michoro za leo bado zinaielewa kwa kiasi, lakini wakati mwingine rangi huharibika au kioo hubaki cheusi.

Umbo la kioo. Vioo vya mwaka 2003 vilikuwa na uwiano wa 4:3, ilhali vya leo kwa kawaida ni 16:9. Picha ya mchezo ikivutwa kujaza kioo kipana, watu na majengo huonekana wanene kuliko kawaida.

Namna ya kuuendesha

Njia rahisi ni kununua nakala ya kidijitali, kwa mfano kupitia duka la Steam, kwani nakala hiyo haihitaji diski. Mwenye CD halali anaweza kuitengenezea faili la ISO kwenye kompyuta yenye sehemu ya CD, kisha kulihamisha kwa flashi. Windows 8 na zinazofuata hufungua faili la ISO kwa kulibofya mara mbili. Hata hivyo, ISO haiondoi tatizo la SafeDisc.

Hatua zinazofuata ni hizi:

1. Mchezo uwekwe nje ya Program Files, kwa mfano katika folda mpya iitwayo Michezo kwenye diski C.
2. Faili la kuanzishia mchezo libofywe kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ichaguliwe sehemu iliyoandikwa "Properties", kisha "Compatibility". Hapo Windows huagizwa kuuhudumia mchezo kama Windows XP.
3. Mchezo ukidai DirectPlay, sehemu hiyo ya zamani iwashwe katika orodha ya vipengele vya ziada vya Windows. Tangu Windows 8 imekuwa ikija ikiwa imezimwa.
4. Michoro ikiharibika, inaweza kutumika programu ya kutafsiri kama dgVoodoo 2, ambayo hupokea amri za DirectX ya zamani na kuzigeuza ziwe za DirectX mpya. Kwenye Linux, Wine huziwezesha programu za Windows kufanya kazi.
5. Picha ikivutwa, uwiano wa 4:3 uchaguliwe katika mipangilio ya kadi ya michoro. Pembeni patabaki mistari myeusi, lakini maumbo yatakuwa sahihi.

Ni vizuri kubadilisha jambo moja kwa wakati na kujaribu mchezo baada ya kila badiliko. Anayebadilisha yote kwa pamoja hawezi kujua lipi lilisaidia na lipi liliharibu.

Kwa upande wa nguvu hakuna shida. Kompyuta iliyotumika ofisini na kuuzwa tena, ya aina inayopatikana madukani katika miji kama Bukoba na Muleba, ina uwezo unaozidi mahitaji ya mchezo wa 2003, hata kama haina kadi ya michoro ya pekee. Kompyuta kadhaa zikiunganishwa kwa waya au Wi-Fi katika chumba kimoja, wachezaji wanaweza kushindana bila kutumia bando la intaneti.

Tahadhari kubwa inahusu nakala za wizi zinazopitishwa kwa flashi. Faili la kuvunja kinga huanzishwa na mtumiaji mwenyewe, mara nyingi baada ya kuzima kinga ya virusi, na hiyo ni nafasi nzuri kwa virusi. Kompyuta yenye kazi za shule au hesabu za duka haifai kujaribiwa faili kama hilo.

Mchezo na historia

Mapigano yaliyoupa mchezo jina lake yalitokea Mogadishu tarehe 3 na 4 Oktoba 1993, askari wa Marekani walipokwenda kuwakamata wasaidizi wa Mohamed Farrah Aidid. Helikopta mbili za Black Hawk ziliangushwa mjini. Wamarekani 18 walikufa katika mapigano hayo, pamoja na askari wa Malaysia na Pakistan waliokuwa katika kikosi cha uokoaji. Wasomali waliokufa, wakiwemo raia, walikuwa mamia, na idadi yao inabishaniwa hadi leo.

Mchezo unasimulia kwa upande wa askari wa Marekani. Pwani ya Benadir, yenye miji ya Mogadishu, Merka na Barawa, inaonekana humo kama uwanja wa mapambano tu. Mchezaji hawezi kujua kwamba Barawa ni mji wa kale wenye lahaja yake ya Kiswahili, Chimbalazi, au kwamba njaa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeua watu wengi kabla helikopta hazijafika.

Kwa wasomaji wa Mkoa wa Kagera tofauti hiyo si ngeni. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliteka eneo la kaskazini mwa Mto Kagera, na daraja la Kyaka likabomolewa. Vita iliendelea hadi mwaka uliofuata, na Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Mamia ya askari wa Tanzania waliokufa katika vita hiyo wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba. Katika mchezo, aliyeuawa huanza tena baada ya sekunde chache. Makaburi ya Kaboya yanaonyesha gharama ambayo programu haiwezi kuionyesha.