Neema Haigombaniwi



Jumamosi jioni, tarehe 1 Februari 2020, umati mkubwa ulikuwa umekusanyika kwa maombi katika uwanja wa Majengo hapa Moshi mjini. Mwishoni watu walielekezwa kupita juu ya mafuta ya upako, na wengi waliamini kwamba atakayeyakanyaga atapona na kufunguliwa baraka zake. Wakasukumana kuelekea sehemu hiyo moja. Watu 20 walipoteza maisha, na miongoni mwao walikuwamo watoto.

Hatuyakumbushi haya ili kuwahukumu marehemu wale wala familia zao. Anayekwenda kwenye mkutano wa namna hiyo mara nyingi amebeba mzigo mzito: ugonjwa usiopona, ndoa iliyovunjika, kijana aliyemaliza shule na hana kazi. Na jambo lililowasukuma lipo hata kwetu tunaokaa kwenye mabenchi ya kanisa kwa utulivu. Ni ile imani kwamba neema ya Mungu ni chache, inapatikana mahali pamoja kwa saa chache, na atakayewahi ndiye atakayeipata.

Huenda lugha yetu yenyewe inachangia kutuchanganya. Neno neema tunalitumia kwa wingi wa vitu. Mvua zikinyesha vizuri na migomba ikazaa, tunasema huu ni mwaka wa neema. Basi mwaka wa ukame tunaona kwamba neema imeondoka. Neno kibali nalo tumelizoea ofisini. Kibali cha ujenzi kinaombwa, kinalipiwa, kinasubiriwa, na kinaweza kukataliwa. Si ajabu mtu akidhani kibali cha Mungu nacho kina dirisha lake na ada yake. Lakini kibali na kukubali ni maneno ya ukoo mmoja. Kupata kibali kwa Mungu maana yake ni kukubaliwa naye, na aliyekubaliwa hahitaji kupanga foleni tena.

Tumwangalie Mariamu. Malaika alimwambia kwamba amepata neema kwa Mungu, na yaliyofuata tunayajua: mimba iliyohitaji maelezo, safari ndefu ya kwenda kuandikishwa, kujifungua mahali pa mifugo, kisha kukimbilia Misri. Kwa kipimo cha mahubiri mengi tunayosikia siku hizi, huyo alikuwa mtu aliyefungwa baraka zake. Paulo naye aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, akajibiwa kwamba neema aliyonayo inamtosha. Mwiba ulibaki. Kwa hiyo afya, ajira na gari haviwezi kuwa kipimo cha nani amekubaliwa.

Sisi wa mlimani tunao mfano mzuri zaidi kuliko dirisha la ofisi, nao ni mfongo. Wageni kutoka Ulaya waliofika Kilimanjaro katika karne ya 19 waliikuta mifongo ikipeleka maji kutoka kwenye mito, ikipita kandokando ya miteremko hadi kwenye vihamba. Hakuna mzee aliyewahi kutengeneza maji hayo. Mvua nyingi ya mlima wetu hunyesha katika ukanda wa msitu, na huko ndiko yanakotoka maji mengi ya mito yetu, si theluji ya Kibo kama watalii wengi wanavyodhani. Kazi ya watu ni kuchimba njia, kuondoa majani na matope, na kupeana zamu. Ndivyo ilivyo sala ya asubuhi, kusoma Neno, kushiriki Meza ya Bwana na kupatana na jirani. Hayo hayanunui neema, bali yanaiachia njia ipite. Na anayeziba mfongo ili maji yote yabaki kwake, shamba lake mwenyewe hugeuka tope wakati jirani wa chini anakauka.

Hata hivyo mfano huu una mpaka wake. Asiyefika kwenye kazi ya kusafisha mfongo hutozwa faini, na anaweza kunyimwa zamu yake. Kwa maji ni haki kabisa. Tatizo ni kwamba baadhi ya kamati zetu zimeanza kuendesha kanisa kwa sheria ya mfongo.

Katika ziara zetu tulikutana na mama mmoja mjane ambaye kwa muda mrefu hakuwa amefika kwenye Meza ya Bwana. Hakuna aliyemkataza. Ila majina ya waliochelewesha ahadi ya ujenzi yalisomwa mbele ya ibada, na la kwake lilikuwamo. Alimwambia mzee wa kanisa aliyemtembelea, "Nikimaliza deni nitarudi." Mama huyu alikuwa anasubiri kulipa ndipo akubaliwe. Wala hakufundishwa hivyo na mhubiri wa uwanjani. Alifundishwa na daftari letu.

Ni kweli kwamba paa halijengwi kwa maombi tu, nasi tunaoandika gazeti hili tunaishi kwa michango yenu. Lakini Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya changizo la watakatifu wa Yerusalemu, alilitaja changizo lenyewe kuwa neema. Aliwasifu Wakristo wa Makedonia, watu maskini, kwa sababu walitangulia kujitoa kwa Bwana, kisha wakaomba wenyewe nafasi ya kutoa. Kwanza walipokea. Anayetoa ili akubaliwe hutoa kwa hofu, na mwaka wa mavuno mabaya hujificha.

Mwaka 1999, tarehe 31 Oktoba, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi huko Augsburg, Ujerumani, tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema, si kwa kustahili kwetu. Na Mkutano Mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, uliofanyika Windhoek, Namibia, mwaka 2017, ulisisitiza kwamba wokovu hauuzwi. Sahihi za wakubwa ni jambo jema. Kazi iliyobaki iko kwenye kikao cha kamati ya usharika, Desemba, ndugu zetu wa mjini wanaporudi nyumbani na orodha za michango zinapoandaliwa. Hesabu zisomwe, kwa maana uwazi ni lazima, lakini si lazima zisomwe kwa majina. Vivyo hivyo bomba la mradi wa maji lisimwulize mtu dhehebu lake wala kadi yake.

Yule mama alirudi kanisani baada ya mzee kumtembelea mara ya tatu. Kadi yake ya ahadi bado ina nafasi tupu.