Fahamu: Neno 'shule' lilifikaje Bomet?
Mtoto wa Bomet, nchini Kenya, akiongea Kikipsigis husema anakwenda sukul, neno lililotokana na Kiingereza. Akifungua kitabu cha Kiswahili anakuta shule, na hilo ni la Kijerumani: Schule. Wajerumani hawakuwahi kuitawala Bomet. Walitawala Tanganyika, na miaka ya 1890 wakafungua shule ya serikali Tanga, wakifundisha kwa Kiswahili vijana ambao wangekuwa makarani na walimu. Kabla ya hapo watoto wa pwani walikwenda chuoni kusoma Kurani. Zanzibar, iliyokuwa chini ya Waingereza, inasema skuli hadi leo. Kenya nayo ilikuwa ya Waingereza, lakini usanifishaji wa Kiswahili ulioanza 1930 uliipa Kenya na Tanganyika vitabu vya pamoja, na kupitia vitabu hivyo neno shule likafika Bomet.